Gari Lililoombewa

Mwezi uliopita tulimzika Yona kule Rabai, na kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki katika waliomjua akiwa kijana, niliitwa mbele niseme machache. Nikasimama na mkongojo wangu, nikasema tuliishi chumba kimoja Mikindani, tulifanya kazi bandarini pamoja, na kwamba alikuwa mcheshi asiyejua kununa. Yote hayo ni kweli. Watu wakaitika amina. Binti yake akanishika mkono kunirudisha kitini, akaninong'oneza, "Ahsante, baba. Marehemu alikuwa akikutaja kwa wema siku zote." Nikakaa. Jua lilikuwa kali, turubai limewatosha wanawake tu, nami nikatamani jua lile linimalize palepale. Kwa wema! Laiti angekuwa akinitaja kwa ubaya, ningekuwa nalala usingizi. Basi niliyoshindwa kuyasema kaburini nitayasema hapa, maana sina tena wa kumwogopa, na siku nilizobakisha si za kuringia.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita kuisha. Sisi watatu, Yona, Mwachiro na mimi, tulipanga chumba kwa Bi Mwanaisha, mjane wa Jomvu Kuu aliyejenga nyumba ya makuti Mikindani, kando ya barabara iendayo bara. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba na mkeka mmoja, na kila wiki tulibadilishana nani alale chini. Kuta za udongo hazikufika juu kabisa, kwa hiyo tulisikia kila lililosemwa upande wa pili kwa Bi Mwanaisha, naye alisikia yetu, na asubuhi tuliamkiana kwa adabu kana kwamba hakuna aliyesikia neno. Tulikula mihogo ya nazi na kipande cha papa mkavu, na mwisho wa mwezi wali. Saa kumi alfajiri tulikuwa tumeshatoka, kwa miguu, Mikindani hadi Changamwe, tukateremka Makupa, tukavuka kuingia kisiwani, mpaka lango la bandari Kilindini. Zaidi ya saa mbili, na jioni vilevile kurudi, na jioni ule mteremko wa Makupa umegeuka mlima. Treni ilitupita ikielekea mjini kwa saa zake, ambazo hazikuwa zetu. Basi la kwanza liliondoka Changamwe wakati kengele ya kazi imeshalia. Vijana wa leo wakinung'unika kwamba wamesimama kituoni nusu saa huwa nanyamaza tu, kwa sababu nikianza sitamaliza.

Masika ya mwaka huo mguu wa kulia wa Yona ulianza kuvimba. Kwanza kifundo, tukamcheka kwamba amenenepa kwa kuanzia chini. Halafu ukapanda mpaka goti, ngozi ikawa ngumu, na homa ikawa inamjia kila wiki chache ikimtetemesha kitandani. Ugonjwa wa matende. Hospitali walimpa vidonge na wakamwambia apunguze kutembea. Apunguze kutembea! Siku mbili alifika langoni kengele imeshalia, na nyapara, ambaye hakuwa na ubaya wowote ila ule wa kazi yake, akamwambia mbele yetu: "Yona, mara ya tatu nitakurudishia kipande chako. Usije ukasema sikukwambia." Kurudishiwa kipande, kile cheti cha kazi, ndiko kufukuzwa. Na mtu mwenye mguu kama ule, nani angemwandika tena? Yona mwenyewe alilijua hilo. Jioni ile alikaa kizingitini, mguu ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, akasema polepole, "Nikirudi Rabai na mguu huu, jamani, sitoki tena."

Mwachiro ndiye aliyelileta neno la gari. Alikuwa ameendesha malori ya jeshi miaka mitatu, na mpaka sasa alitembea amekunja viwiko kama ameshika usukani. "Magari mabovu yako tele," akasema. "Wazungu wanaondoka, wanauza. Tuchange tununue moja dogo, kuukuu, la kutupeleka na kuturudisha tu. Mimi naendesha. Danieli atatuchagulia." Danieli ni mimi. Vitani sikushika bunduki. Nilikuwa katika karakana ya jeshi, nikiosha vyuma na kumpa fundi spana, na fundi yule alinifundisha kitu kimoja kikubwa, kuisikiliza injini kabla hujaiamini. Wenzangu walilijua hilo wakaniwekea imani yao yote. "Wewe una masikio," Yona akasema. "Likikwambia ni bovu, tutaacha hata likipakwa dhahabu." Tulichanga tulichokuwa nacho, na Mwachiro akatoa karibu yote aliyotoka nayo jeshini.

La kwanza tulikwenda kuliona Jomvu Kuu, kwa fundi Rashidi, mtu wa makamo aliyetengeneza mashine za mashua na chochote kilicholetwa mlangoni kwake. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, wanangu. Karibuni, karibuni kitako." Akatukalisha, akatuletea kahawa na kipande cha halua, akatuuliza habari za nyumbani mpaka tukadhani amesahau tulilolijia. Kisha akatupeleka uani. Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeusi, viti vya ngozi vimepasuka na kushonwa kwa uzi wa tanga. Rashidi akaipiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini, mara moja, mara moja tu, likaitika. Niliweka mkono juu ya boneti nikafumba macho. Injini haikugonga, haikupumua kwa shida, haikukohoa. Nakumbuka nilivyotabasamu peke yangu. Yona akafungua mlango wa nyuma, akajitupa kitini na kuunyoosha mguu wake wote, ukaenea. "Jamani!" akapiga kelele. "Tazameni! Umeenea!" Hatukuwa tumemwona akifurahi vile tangu masika.

Rashidi akazima injini. "Sasa nisikilizeni," akasema. "Gari ni zima, wallahi, na bei yangu mmeisikia. Lakini sipendi mtu anunue kwangu kisha aje kusikia njiani. Mwaka jana mamangu alifia hospitali, na gari la kumleta nyumbani halikupatikana. Nilimlaza hapo nyuma, nikamleta mwenyewe, tukamzika. Nimeliosha, nimelisomea. Basi, mmejua." Yona akauvuta mguu wake haraka kana kwamba kiti kimemchoma. Tukamwambia fundi pole, tukasema tutafikiria, tukanywa kahawa ya pili kwa heshima. Rashidi alijua. Watu wengine wawili walikuwa wameshamwambia watafikiria.

Jioni ile tukila mihogo tulilijadili, na kila mmoja alikuwa shujaa kuliko mwenzake. "Mimi sina neno," Mwachiro akasema. "Vitani nimelala ubavuni mwa maiti. Lakini watu je? Si wataliita jeneza?" Yona akasema, "Mimi ni mtu wa kanisa. Mambo ya kuogeshwa dawa kwa sababu ya maiti niliwaachia babu zangu." "Basi tulichukue," nikasema. Yona akanitazama. "Na wewe utakaa nyuma?" "Mimi? Mimi nitakaa mbele." Tukaangua kicheko, tukacheka mpaka Mwachiro akapaliwa na muhogo, na gari likatupotea katikati ya kicheko kile. Hakuna aliyesema hatulitaki. Ng'ambo ya ukuta tukamsikia Bi Mwanaisha akimwambia mgeni wake, wala hakupunguza sauti, "Wamelikataa gari la Rashidi. Ati maiti! Mamake Rashidi, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akinisuka nywele. Alikuwa mtu, hakuwa ndwele." Asubuhi tuliamkiana kwa adabu.

Mzee Timotheo alitusikia tukitafuta. Alikuwa mzee wa kanisa Changamwe, mtu wa kwetu, mwenye sauti nzito na miwani, na alikuwa na gari alilolinunua kabla ya vita. Akatukamata baada ya ibada. "Mnazunguka kwa wageni na ndugu yenu nipo?" Hapo lazima niseme jambo langu, maana bila hilo hamtanielewa. Nilikuwa nimemposa Raheli, na ili ndoa itangazwe kanisani Jumapili tatu, pasta alingoja neno la Mzee Timotheo kwamba mimi ni mtu mwema. Neno hilo lilikuwa bado halijatoka. Mzee hakunikumbusha hata siku moja. Hakuwa na haja ya kunikumbusha.

Tukaenda kwake Jumapili iliyofuata. Chai ya maziwa, mkate na siagi ya kopo, na mke wake akitusihi tuongeze. Gari lilikuwa mbele ya nyumba, kubwa, kijani kibichi, rangi yake ikinukia upya. Mwachiro alilipenda palepale. Yona akaingia nyuma, mguu ukaenea pia, ingawa aliukunja kidogo. Mimi nikaweka mkono juu ya boneti, na boneti lilikuwa la moto. Gari limesimama tangu tulipokuja, jua bado halijalifikia, na injini ni ya moto. Maana yake liliwashwa mapema ili lisitugomee mbele ya macho yetu. Nikapiga magoti nikachungulia chini. Chini ya giaboksi, kwenye ukingo wa kifuniko, palikuwa na unga wa mbao ulioshikana na grisi. Kidogo tu, wa kujaa kijiko. Fundi wangu wa jeshini alikuwa ameniambia: gia zilizokwisha hulia, na mwuzaji mwerevu huzijaza unga wa mbao zikanyamaza wiki mbili tatu, kisha kwaheri. Niliugusa kwa kidole. Nikaunusa. Ulinukia mbao.

Nilipoinuka, Mzee Timotheo alikuwa amesimama karibu yangu. "Umeridhika, Danieli?" Kabla sijajibu akavua kofia. "Basi tuombe, ndugu zangu, tumshukuru Mungu kwa chombo hiki." Wote wakainamisha vichwa. Aliomba kwa kirefu. Aliliombea gari, akauombea mguu wa Yona kwa jina, akaniombea mimi na nyumba ninayotaka kuijenga na Raheli. Yona alilia. Mke wa mzee akaitika amina mlangoni akiwa na birika mkononi. Sasa niambieni, kwetu sisi, jambo likishaombewa, nani atalifungua tena? Kusema "ngojeni kwanza, nataka kuona giaboksi" baada ya amina ile kulikuwa ni kumwambia mzee wa kanisa kwamba ameomba uongo, mbele ya mkewe, nyumbani kwake. Vijana wa watu wengine wangesema. Sisi hatukulelewa hivyo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kweli yenyewe ni fupi zaidi: nilimtaka Raheli. Kidole changu kilikuwa bado na grisi, nikakipangusa kwenye suruali.

Tukalijaribu. Sote ndani, Mwachiro usukanini, tukateremka kutoka Changamwe mpaka Makupa, na kwa mteremko ule hata meza ingekwenda. Yona aliimba. Tulipofika chini Mzee Timotheo akasema ana shughuli mjini, tumfikishe, kisha akasema yeye atabaki nalo huko mpaka jioni, tutalichukua kesho likiwa letu. Tukapanda ule mlima kwa miguu, tukimsukuma Yona mgongoni kwa mchezo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba gari halikupanda mlima.

Lilitutumikia wiki tatu. Wiki ya nne gia zikaanza kulia, sauti nyembamba ya kusaga, na Mwachiro akanitazama. "Unasikia nini?" "Zitazoea," nikasema. Jioni lilikuwa likifika katikati ya mlima wa Changamwe na kukata pumzi, tukashuka kusukuma. Tulimwambia Yona akae. Alikataa. "Nitakaaje kama bibi harusi na wenzangu mnasukuma?" Akashuka, akaegemeza bega, akauburuta mguu ule, na kila tulipofika juu alikuwa kijivu usoni. Mguu ukapasuka ngozi. Homa zikaongezeka. Gari tulilomnunulia ili asitembee lilimfanya asukume. Bi Mwanaisha sasa alimchemshia maji ya mwarobaini bila kuombwa, na usiku tulimsikia akimwuliza Mungu kitu ambacho hatukukisikia vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Tulikuwa tumechelewa kwa sababu hendeli ilitutesa nusu saa, na tulipofika Changamwe, kabla ya mteremko, kitu kikavunjika ndani ya giaboksi, likasimama. Mwachiro alitoka, akalizunguka, akalipiga teke. Tulijua saa ni ngapi kwa mwanga tu. Tungekimbia, tungewahi. Yona alikuwa ameshafungua mlango na ameuweka mguu chini, akautazama kwa muda, kisha akaurudisha ndani. "Nendeni," akasema. Mwachiro akasema tutambeba. "Mnibebe mpaka Kilindini? Acheni ujinga, bwana. Nendeni, tusirudishiwe vipande sote watatu kwa siku moja." Tukaenda. Tulikimbia katika ule mteremko, mvua ikitupiga, na mara moja niligeuka nikaona mkono wake nje ya dirisha ukitufukuza twende. Tukapita langoni kengele ikilia. Yeye alifika saa tatu na nusu, amelowa, ameshika fimbo aliyoiokota njiani. Nyapara hakumgombeza hata kidogo. Alimpa kipande chake akamwambia pole.

Nilimfuata Mzee Timotheo. Ningeweza kusema nilikwenda kwa hasira, lakini nilikwenda na kofia mkononi. Akanisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa, nadhani alikuwa ameshayaamini maneno yake mwenyewe. "Niliwapa likiwa zima. Je, mlikuwa mkiliombea kila asubuhi?" Nikasema hapana. "Unaona?" akasema. Jumapili ile ile jina langu na la Raheli likatangazwa kwa mara ya kwanza. Gari tulilisukuma hadi uani kwa Bi Mwanaisha, kuku wakataga ndani yake, na mwisho Mwachiro akaliuza vipande vipande na kurudi kwao bila kuniaga. Sikumlaumu, na kumwandikia sikumwandikia.

Yona alikuwa hawezi kutembea mpaka Rabai, na wenye malori walitaka fedha tusizokuwa nazo. Bi Mwanaisha akavaa buibui lake akaenda Jomvu Kuu. Rashidi akaja na gari lake jeusi, ambalo hakuna aliyelinunua kwa sababu alimwambia kila mtu ukweli wake, na hakutaka chochote ila petroli. Tukapakia kijisanduku na mkeka. Yona hakusita safari hii. Aliingia nyuma, akaunyoosha mguu pale alipolazwa mama wa watu, ukaenea. Nami nikakaa nyuma pamoja naye, nimejibana pembeni. "Kumbe hakuna kitu," akasema akipapasa ngozi ya kiti. "Kiti tu." Tukapita Miritini. Tulipouanza mlima wa Mazeras nilishika mlango bila kujua, nikingoja tushuke tusukume. Rashidi akabadilisha gia, gari likapanda. Halikukohoa hata mara moja. Lilipanda likituzungumzia taratibu mpaka juu kabisa, na Rashidi akawa anaimba kidogo peke yake.

"Danieli," Yona akasema, uso wake umeelekea nje. "Siku ile ulipiga magoti ukatazama chini ya gari la mzee. Ulikaa chini muda mrefu. Uliona kitu?"

"Sikuona kitu," nikasema.

Tukaziona paa za Rabai. Kisha akageuka, akanishika goti, na macho yake yalikuwa na machozi. "Basi nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Wiki zote hizi nilikuwa nikikudhania vibaya."

Nikamwambia nimemsamehe.